Proksi mbili kwa tovuti moja: njia nne, na ipi inakufaa ukiwa Tanga

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa na kila mtu anatafuta kiti cha kwenda Dar au Moshi, mzee mmoja mwenye mabasi aliponipigia simu saa mbili usiku. Hakupaza sauti. "Mwanangu, vijana wangu wa stendi ya Kange wanasema tiketi hazikatiki. Na wewe uliniambia mashine ziko mbili, moja ikifa nyingine inashika." Kweli nilimwambia hivyo. Proksi, yaani mashine za mlangoni zinazopokea wageni wa tovuti yake ya tiketi, zilikuwa mbili, ofisini kwake Chumbageni, zikitumia anwani moja kwa zamu, na usiku ule zote mbili zilikuwa nzima kabisa. Kilichoungua ni adapta ya swichi ndogo ya mtandao ambayo zote zilichomekwa humo. Mpaka nilipopata adapta nyingine ya volti zilezile, stendi walikuwa wameshaanza kuandika tiketi kwa mkono, na kuna viti vilivyouzwa mara mbili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza atumie programu gani ili tovuti yake isizimike, mimi humuuliza kwanza: kwako hufa nini? Umeme? Laini ya intaneti? Mashine yenyewe? Programu baada ya kusasishwa? Njia nne ninazozilinganisha hapa zote zinafanya kazi. Tofauti yake kubwa ni ajali ipi zinaikinga na ipi zinaiacha ipite.

Proksi ninayoisema ni ile ya mlangoni. Mgeni wa tovuti anafika kwake, nayo inampeleka kwenye mojawapo ya seva zilizo nyuma. Ukiwa na seva tatu nyuma na proksi moja mbele, bado una mlango mmoja, na ukikwama huo, seva tatu hazikusaidii kitu. Ndiyo sababu ya kuweka ya pili. Kwa hesabu inavutia: mashine inayopatikana asilimia 99 ya mwaka hukosekana saa 87 na ushei. Ziwe mbili, kila moja ikifa kwa sababu zake, nafasi ya kufa zote kwa pamoja ni moja katika elfu kumi, na muda wa kukosekana unashuka mpaka dakika 53 hivi kwa mwaka. Hesabu hiyo yote imesimama juu ya maneno "kwa sababu zake". Zitegemeze zote mbili kwenye swichi moja yenye asilimia 99, na jumla yako ni asilimia 98.99, chini ya ile uliyoanza nayo.

Jina moja, anwani mbili

Njia ya kwanza haihitaji programu mpya. Unaingia kwenye DNS ya kikoa chako, yaani daftari la mtandao linalogeuza jina la tovuti kuwa namba ya mashine (anwani ya IP), na kuandika anwani mbili chini ya jina lilelile, moja ya kila proksi. Wageni wanagawanyika wenyewe. Uzuri wake mkubwa ni kwamba proksi hizo zinaweza kukaa miji miwili, moja Tanga na nyingine Dar es Salaam, kwa umeme tofauti na kampuni tofauti za intaneti. Kwa mtu asiye na fedha nyingi, sijui njia nyingine ya kujiwekea mwenyewe inayostahimili mji mzima kukosa umeme.

Udhaifu wake ni kwamba DNS haijui nani kafa. Inaendelea kutoa anwani zote mbili, na sehemu ya wageni inaelekezwa kwa maiti. Vivinjari vya sasa hujaribu anwani ya pili ya kwanza isipojibu, kwa hiyo mtu mwenye simu mara nyingi ataona ukurasa unasuasua kisha unafunguka. Lakini wanaokuja kwako si vivinjari tu. Mfumo wa malipo unaokuletea taarifa kwamba abiria amelipa unaweza kujaribu anwani moja, ikashindikana, ukaacha. Hapo fedha imetoka kwenye simu ya mtu na tiketi haipo. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko tovuti kuzimika kabisa, kwa sababu tovuti ikizimika hakuna aliyelipa.

Wapo watoa huduma za DNS wanaopima uhai wa kila anwani na kuiondoa iliyokufa. Hiyo ni bora zaidi, ila ongeza muda wa jibu la zamani kukaa kwenye kumbukumbu za watu. Ukiupanga uwe sekunde 60, wengi watahama ndani ya dakika moja au mbili, na wachache watachelewa, maana baadhi ya seva za DNS njiani hushikilia jibu kuliko ulivyoagiza. Kwa ratiba na matangazo hilo linavumilika.

Anwani moja inayohama

Njia ya pili ndiyo niliyoifunga Chumbageni, na pamoja na yaliyotokea, bado naipenda. Fikiria jahazi lenye nahodha na sarahangi. Nahodha ndiye ameshika usukani, na kila sekunde anatoa sauti: nipo. Sarahangi hana la kufanya ila kusikiliza. Sauti ikikatika, anashika usukani. Kwenye mtandao, utaratibu huu unaitwa VRRP, kiwango kilichotolewa mwaka 1998, na programu inayoutekeleza kwenye Linux kwa wengi wetu ni Keepalived, iliyoanzishwa na Alexandre Cassen. Usukani ni anwani ya IP ambayo si ya mashine yoyote. Ipo kwa yule aliye zamu, na DNS yako inaijua hiyo moja tu.

Kasi yake ndiyo inayonivutia. Tangazo likitoka kila sekunde moja, msaidizi mwenye kipaumbele cha 100 (namba inayoamua nani awe mkuu) husubiri matangazo matatu yapite kimya pamoja na kipande kidogo cha ziada, jumla sekunde 3.6 hivi, kisha anaichukua anwani na kuitangazia swichi kwamba sasa iko kwake. Na ukimzima mkuu kwa utaratibu, kwa mfano unapotaka kusasisha, mkuu hutuma tangazo la kuaga lenye kipaumbele sifuri na msaidizi hushika kabla ya sekunde moja kuisha. Taarifa za malipo haziyumbi, kwa kuwa anwani haikubadilika.

Lakini sharti lake ni gumu. Mashine zote mbili lazima ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani, zinaposikiana bila kupitia ruta. Kwa maneno mengine, chumba kimoja au jengo moja. Chumba kimoja maana yake mara nyingi ni umeme mmoja, laini moja ya intaneti, na kama mimi, swichi moja. Njia hii inakinga kifo cha mashine na kifo cha programu, na inakinga vizuri mno. Haikingi kifo cha jengo.

Kuna mitego midogo ambayo imenila saa nyingi, na ningependa isikule wewe. Kila kikundi cha proksi kina namba yake ya utambulisho, kati ya 1 na 255. Mifano mingi utakayoikuta imeandikwa 51, na watu huinakili ilivyo. Ukiwa kwenye mtandao wa jengo ambamo jirani naye ameinakili 51, mtaanza kuvurugana, na kwenye logi zako utaona makosa usiyoyaelewa. Badilisha namba hiyo siku ya kwanza.

Fayawoli, ukuta wa usalama unaochuja trafiki, ni mtego mwingine. Matangazo haya hayapiti kwa TCP wala UDP, njia mbili zilizozoeleka za kutuma data. Yana namba yao ya itifaki, 112, na hutumwa kwenye anwani ya kikundi 224.0.0.18. Fayawoli ikiyazuia, msaidizi hasikii kitu, anadhani mkuu amekufa, anashika usukani wakati mkuu naye bado ameushika. Wazee walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Utaona tovuti inafunguka kwa huyu na kukataa kwa yule, na utatafuta kosa kwenye seva za nyuma ambazo hazina kosa.

Halafu Keepalived yenyewe hulinda mashine, haijui habari ya proksi iliyomo ndani. Mashine inaweza kuwa inapumua huku HAProxy, yaani programu ya proksi yenyewe, imeanguka, na anwani ikabaki palepale inapokataa wageni. Ni lazima uiandikie hati fupi ya amri (script) ya kuchunguza kila baada ya sekunde mbili kama proksi inajibu, na isipojibu, mashine hiyo iiachie anwani. Nimekuta ofisi zilizoweka kila kitu isipokuwa hicho. Pia fikiria kama unataka mkuu akifufuka arudishiwe usukani palepale. Mimi sitaki. Mashine inayozimika na kuwaka kila dakika tano kwa sababu ya umeme mbovu itahamisha anwani zaidi ya mara kumi kwa saa, na kila kuhama kunakata miunganisho iliyokuwa katikati. Naziweka zote mbili zianze kama wasaidizi na kuzima tabia ya kupokonya.

Mtego wa mwisho ni cheti cha usalama. Vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, vimezoeleka kudumu siku 90, na hujihuisha kwenye mashine inayopokea wageni. Msaidizi hapokei wageni, kwa hiyo cheti chake kinaweza kuoza kimyakimya mpaka siku anapoitwa kazini, na kila mgeni akaonywa kwamba tovuti si salama. Panga cheti kinakiliwe kwa msaidizi kila kinapohuishwa, kisha uangalie tarehe yake wewe mwenyewe.

Kuwaachia wenye kituo

Njia ya tatu ni kukodi. Seva zako zinakaa kwenye kituo cha data, na mwenye kituo anakupa ama anwani inayohama kutoka seva moja kwenda nyingine kwa amri, ama msawazishaji mzigo wake mwenyewe anayesimama mbele ya seva zako na kuzigawia wageni. Huko mara nyingi matangazo ya kikundi hayaruhusiwi. Ukitaka kuendelea na Keepalived, itabidi uzielekeze mashine zisemezane moja kwa moja kwa anwani zao, na hati fupi iite huduma ya kituo ihamishe anwani.

Sina mengi ya kuongeza hapa kwa sababu kazi kubwa imefanywa na mwingine, na hilo ndilo unalolipia. Umeme wa akiba upo, laini zaidi ya moja zipo, mtu wa zamu yupo. Uliza maswali mawili tu kabla hujasaini. Seva zangu mbili zitakaa kwenye mashine mbili tofauti za chuma, au zinaweza kuangukia moja? Na huyo msawazishaji ni mmoja au naye ana mwenzake? Nimewahi kujibiwa "usiwe na wasiwasi", nikaondoka.

Mtandao mkubwa wa nje

Njia ya nne ni kuuweka mbele ya tovuti mtandao wa usambazaji kama Cloudflare, ulioanza kutoa huduma mwaka 2010 na una mpango wa bure. Proksi si mbili tena, ni mamia, na wewe huzisimamii. Hubadilishi kitu isipokuwa seva za DNS za kikoa chako. Kwa dada mmoja ninayemsaidia, mwenye nyumba ya wageni Pangani ambaye wateja wake wako Ujerumani na Italia, sikusita: picha zake zinafika kutoka karibu na mteja, na mashambulizi ya kumwaga maombi yanaishia kwao. Yeye hana fundi wa kudumu, wala hahitaji.

Kwa mabasi ya Tanga mambo ni tofauti kidogo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile, swali ni kama njia kutoka kwa abiria wa Ngamiani mpaka kwenye seva yako inavuka bahari. Tovuti iliyoko ndani ya nchi, kwenye kampuni iliyoungana na wenzake kwenye kituo cha kubadilishana trafiki cha TIX pale Dar es Salaam, haina haja ya kwenda Ulaya na kurudi ili kumhudumia mtu wa Tanga. Ukiweka nje mlango, DNS au seva zenyewe, umeifunga tovuti ya safari ya ndani kwenye mkongo ambao abiria wako hahitaji kuupanda. Hata siku njema umbali unaonekana: mwanga kwenye nyuzi huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kabla ukurasa salama haujaanza kufunguka kuna safari kadhaa za kwenda na kurudi.

Na ukubwa hauondoi hatari ya kosa moja kuenea. Tarehe 2 Julai 2019 kanuni moja ya ulinzi iliyoandikwa vibaya ilimaliza nguvu za vichakataji kwenye mtandao wote wa Cloudflare, na tovuti zilizokuwa nyuma yake zikatoa kosa kwa nusu saa hivi. Walieleza wazi kilichotokea, jambo ninaloliheshimu. Ila ukiwa huna namna ya kurudisha kikoa chako kielekee moja kwa moja nyumbani, unakaa na kusubiri.

HAProxy au Nginx

Ukichagua njia ya kwanza au ya pili, bado unapaswa kuamua ni programu gani isimame mlangoni. HAProxy iliandikwa na Willy Tarreau na kutoka mwaka 2001. Nginx ya Igor Sysoev ilitolewa kwa umma mwaka 2004. Zote zinabeba mzigo mkubwa kuliko tovuti yoyote ya Tanga ninayoijua. Kasi isikupotezee muda.

Tofauti iko kwenye jinsi zinavyojua seva ya nyuma imekufa. HAProxy huenda kuuliza yenyewe. Kwa mpangilio wake wa kawaida inauliza kila sekunde 2, na seva ikishindwa mara 3 inaondolewa, kisha inarudishwa ikijibu mara 2. Nginx ya bure haiendi kuuliza. Inagundua kwa ombi la mgeni halisi lililoshindwa, ndipo inaiweka seva kando kwa sekunde 10. Toleo lake la kulipia ndilo lenye upimaji wa kwenda kuuliza. Na kuna kitu hapa kinachoumiza: seva iliyozimika umeme haikatai muunganisho, inanyamaza tu, na Nginx kwa kawaida husubiri mpaka sekunde 60 kabla ya kujaribu nyingine. Hakuna abiria anayesubiri dakika moja. Shusha proxy_connect_timeout iwe sekunde 2 au 3.

Nginx nayo ina kipaji ambacho HAProxy haina kwa kiwango hicho. Inaweza kuhifadhi kurasa kwenye diski na kuendelea kuzitoa za zamani wakati seva zote za nyuma zimekufa. Ratiba ya basi la saa kumi na mbili asubuhi ya jana ni ileile ya leo. Mtu anayetaka tu kujua nauli ya Lushoto atapata jibu, na hatajua kwamba nyuma kuna watu wanahangaika. Kwa tovuti za habari, shule, misikiti na nyumba za wageni, hicho peke yake kinatosha kuichagua Nginx.

Kwa tovuti inayouza, nachagua HAProxy. Ukurasa wake wa takwimu unaonyesha nani hai na nani kafa bila kuongeza kitu, na kuki yake (alama ndogo ya utambulisho) ya kumrudisha mteja kwenye seva ileile inakaa kwenye simu ya mteja, kwa hiyo hata anwani ikihamia kwa msaidizi, mteja hapotei katikati ya kuchagua kiti. Kwa programu yoyote kati ya hizi, kuwa mwangalifu na kurudia maombi. Ombi la kusoma ratiba lirudiwe hata mara tatu. Ombi la kununua kiti likirudiwa bila ulinzi, umeuza viti viwili. Nginx yenyewe, tangu toleo la 1.9.13, hairudii ombi la namna hiyo likishatumwa mpaka uiruhusu. Usiiruhusu.

Nani achukue ipi

Kama tovuti yako ni ya kusomwa na wateja wako wako nje ya nchi, nenda njia ya nne leo na ufanye mengine. Kama ni ya kusomwa na wasomaji wako wako hapa, anwani mbili kwenye DNS, Nginx yenye kache (kurasa zilizohifadhiwa) kila upande, Tanga na Dar. Kama unapokea malipo, usitegemee anwani mbili peke yake: chukua anwani moja inayohama, kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika, na proksi mbili za HAProxy. Kuiweka anwani inayohama ofisini kwako nashauri pale tu mfumo unatumiwa na watu wa jengo hilo hilo, kama hospitali au ghala bandarini. Hapo laini ya nje ikikatika kazi inaendelea, na hakuna njia nyingine kati ya nne inayokupa hilo. Ila nunua swichi mbili, kila moja kwenye UPS yake, na mashine ziunganishwe kote kuwili.

Hifadhidata ni habari nyingine. Proksi kumi hazitaokoa tovuti ambayo hifadhidata yake iko kwenye diski moja, na mwenye tovuti anastahili kuambiwa hilo kabla hajalipa.

Mzee wa mabasi tulimhamisha Januari. Proksi zake mbili za HAProxy sasa ziko kwenye kituo cha data Dar es Salaam, na Chumbageni imebaki Nginx moja yenye ratiba na nauli, ambayo vijana wa Kange wanaifungua njia ya kwenda Dar inapokatika. Kuuza hawawezi wakati huo, na wanajua, kwa hiyo daftari la karatasi liko dirishani lenye viti vilivyotengwa kwa ajili yake tu. Mara moja kwa mwezi, saa nne usiku basi la mwisho likishaingia, namzima mkuu bila kumuaga, kama umeme unavyomzima, huku kijana mmoja wa Kange anakata tiketi ya majaribio kila sekunde chache. Mara ya mwisho ombi moja tu lilikwama. Alibonyeza tena, likapita, akanisomea namba ya kiti kwa simu.